Ziwa Victoria limepimwa zaidi ya miaka mia. Lina nini la kutuambia Kakesio?

Ziwa lililo karibu zaidi na Kakesio ni Eyasi, na maji yake ni ya chumvi. Mwaka wa ukame mkali hunywea na kuacha uwanda mweupe unaopeperushwa na upepo wa mchana. Ziwa kubwa la maji baridi liko mbali, upande wa magharibi, ng'ambo ya Maswa na Meatu. Ni Ziwa Victoria. Wazee wengi wa huku hawajawahi kula samaki wake, na ukiwatajia dagaa watakuuliza kama hicho nacho ni chakula.

Kwa hiyo msikilizaji ana haki ya kuuliza kwa nini redio inayosikilizwa na wafugaji imwandikie habari za wavuvi.

Sababu yake ni ubishi ambao sote tunaujua. Nyasi zikiisha, au kisima kikikauka mapema, watu huketi na kutafuta wa kulaumu. Mmoja atasema ng'ombe wamezidi. Mwingine atasema mvua si ile ya zamani. Wa tatu atasema ni nyumbu, au ni magari ya watalii, au ni kukatazwa kuchoma majani. Kila mmoja anasema kwa uhakika, na mwisho wa mazungumzo lawama humwangukia asiye na la kujitetea nalo.

Ubishi wa namna hiyo uliwahi kuwaka Ziwa Victoria, tena zaidi ya mara moja, na samaki wa mamilioni ya watu walikuwa hatarini. Tofauti ni kwamba kule palikuwa na watu waliokuwa wakiandika. Daftari zao hazikuumaliza ubishi, lakini ziliwezesha lawama kugawanywa kwa kipimo.

Rula ya Jinja

Tuanze na mfano ulio rahisi. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi. Tanzania ina zaidi ya nusu yake, Uganda ina asilimia 43 na Kenya asilimia 6. Sehemu kubwa ya maji yake haitoki mitoni; ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Na mlango wa kutokea ni mmoja tu, Mto Nile, pale Jinja nchini Uganda.

Jinja ndipo kina cha maji kimesomwa kwa zaidi ya miaka mia. Kifaa chenyewe hakina maajabu: ni kipimo chenye alama kilichosimamishwa majini, na mtu anayekwenda kukisoma na kuandika. Alifanya hivyo wakati wa Waingereza, akaendelea baada ya uhuru, akaendelea wakati wa Amin, akaendelea baadaye.

Mvua kubwa za mwishoni mwa 1961, miezi ile Tanganyika inapata uhuru, zililipandisha ziwa kwa takriban mita mbili na nusu hadi mwaka 1964. Mwezi Mei mwaka huo rula ilisoma mita 13.41. Ilichukua miaka 56 kufikia tena hapo. Mei 2020 ilisoma 13.42, na watu wa mialoni wakahama nyumba zao katika nchi zote tatu. Wapo waliosema maji hayajawahi kufika pale. Rula ilisema yamewahi, na kwamba nyumba nyingi zilikuwa zimejengwa mahali ambapo maji yalilala zamani.

Lakini kisa kikubwa zaidi ni cha kinyume chake. Kati ya 2004 na 2006 ziwa lilishuka mno, hadi chini kuliko wakati wowote tangu miaka ya 1920. Boti zilikwama. Bomba za kuvutia maji ya mijini zikabaki hewani. Maelezo ya kwanza yalikuwa ukame, na kweli ukame ulikuwapo; hata huku Ngorongoro mwaka 2005 haukuwa wa kusahaulika. Basi, ikadhaniwa, kazi ya Mungu haina makosa, tusubiri mvua.

Wakaja watu wa hesabu. Wakachukua kina cha kila siku cha Jinja, wakachukua mvua, wakachukua kiasi cha maji kilichofunguliwa kwenye mabwawa mawili ya umeme, Nalubaale na Kiira, yaliyoko palepale mlangoni. Kulikuwa na makubaliano ya tangu enzi za ukoloni kwamba bwawa liachie maji kiasi kilekile ambacho mwamba wa asili ungeachia. Hesabu ilionyesha kiasi hicho kilikuwa kimepitwa. Ripoti ya mtaalamu wa maji Daniel Kull ya mwaka 2006 iliweka karibu nusu ya kushuka kwa ziwa kwenye ukame, na sehemu iliyobaki, iliyozidi nusu kidogo, kwenye maji yaliyofunguliwa kupita makubaliano.

Tazama kilichotokea hapo. Mvua haikuachiwa lawama yote, na mitambo haikubebeshwa yote. Kila mmoja alipata fungu lake. Bila mtu wa kusoma rula kila siku, mgawanyo huo usingewezekana, na Mtanzania wa Mwanza aliyekosa maji bombani asingejua kwamba sehemu ya maji yake ilikwenda kuzalisha umeme wa nchi nyingine.

Furu walikwenda wapi?

Kisa cha pili ni cha samaki, na hiki ni chetu zaidi kwa sababu kilipimwa Tanzania, katika Ghuba ya Mwanza.

Zamani, kabla ya sangara, Ziwa Victoria lilijaa samaki wadogo wanaoitwa furu. Wataalamu wanakadiria aina zao zilizidi 500, na karibu zote haziko penginepo duniani. Mmoja wao, dume lake jekundu mgongoni, wamempa jina la kitaalamu Pundamilia nyererei, kwa heshima ya Mwalimu. Utafiti uliofanywa ziwa zima kati ya 1969 na 1971, kwa nyavu za kukokota chini, ulionyesha kwamba kila kilo kumi za samaki waliotoka huko chini, nane hivi zilikuwa furu.

Sangara hakuwa samaki wa ziwa hili. Aliletwa upande wa Uganda katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Lilikuwepo onyo. Mtafiti Mwingereza Michael Graham, aliyelipima ziwa mwaka 1927 na 1928, aliandika katika ripoti yake kwamba kuingiza samaki mkubwa mla-wenzake kutoka maji mengine ni jambo la hatari kubwa lisipotanguliwa na utafiti wa kina. Ripoti hiyo ilikuwapo kabatini siku sangara alipomwagwa ziwani.

Kwa miaka ishirini hivi hakuna kilichoonekana. Kisha, katika miaka ya 1980, sangara wakalipuka. Furu wakatoweka kwenye maji ya wazi. Inakadiriwa aina zipatazo 200 hazijaonekana tena.

Mtu akiambiwa hivyo tu, jibu ni jepesi: sangara amewala. Ndivyo kisa kinavyosimuliwa shuleni, na si uongo. Ila ni nusu ya habari.

Mwaka 1977 kikundi cha watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi, pamoja na wenzao wa Tanzania, kilianza kuvua kwa kipimo katika Ghuba ya Mwanza. Mmoja wao alikuwa Frans Witte, aliyeendelea na furu wa Mwanza mpaka alipofariki mwaka 2013. Walichora mstari wa kukata ghuba na kuweka vituo juu yake. Wakawa wanarudi vituo vilevile, kwa nyavu za aina ileile, na kutaja kila samaki kwa aina yake, yule wa mawe na yule wa tope, anayekula konokono na anayekula wenzake. Hakuna aliyejua kwamba sangara wangelipuka. Walikuwa wanahesabu tu furu, kazi ambayo mtu mwenye haraka angeiita ya kupoteza muda.

Kwa bahati hiyo, walikuwa na daftari lililoanza kabla ya balaa. Na daftari lilionyesha kwamba furu wakubwa walianza kupungua kabla ya sangara kuwa wengi ghubani. Katikati ya miaka ya 1970 pale Mwanza kilijengwa kiwanda cha kusaga furu kuwa unga wa chakula cha mifugo, na meli za nyavu za kukokota zilikuwa zikiwazoa kwa tani kila siku. Maeneo yaliyokokotwa ndiyo yalipungukiwa kwanza. Sangara alipofika, alikuta nyumba ambayo mlango wake umeshavunjwa.

Kisha wakaja wengine wakachimba hata nyuma zaidi. Chini ya ziwa tope hulala tabaka juu ya tabaka, mwaka juu ya mwaka. Ukizamisha bomba na kulitoa limejaa tope hilo, unaweza kusoma miaka iliyopita kama mtu asomaye pete za mti. Tope hilo lilionyesha kwamba mwani, yale majani mateke madogo yanayolifanya ziwa kuwa la kijani, yalianza kuongezeka tangu miaka ya 1930, sambamba na kuongezeka kwa watu na mashamba kuzunguka ziwa. Yaani kabla ya sangara, na kabla ya kiwanda.

Graham alikuwa ameacha kipimo chake pia. Kifaa ni sahani nyeupe inayofungwa kamba na kuteremshwa majini hadi isionekane. Mwaka 1927, katikati ya ziwa, ilipotea machoni kwenye mita saba au nane. Katika miaka ya 1990 ilipotea kwenye mita mbili hivi. Mwaka 1997 watafiti waliofanya kazi upande wa Mwanza walieleza kwa nini hilo lilikuwa hatari kwa furu hata pasipo sangara: majike huchagua dume kwa rangi. Maji yakiwa machafu, jekundu na bluu havitofautiani, majike hukosea, na aina mbili huchanganyika zikawa moja. Yule mwenye jina la Mwalimu ni miongoni mwao.

Kwa hiyo lawama ya furu ina wabebaji watatu waliokuja kwa zamu: udongo na moshi wa nchi kavu tangu miaka ya 1930, meli za kukokota katika miaka ya 1970, sangara katika miaka ya 1980. Ungepiga picha mbili tu, moja 1970 na nyingine 1990, ungemwona sangara peke yake.

Na kuna jambo ambalo hata picha tatu zisingelionyesha. Katika miaka ya 1990, sangara walipopungua kwa kuvuliwa sana, aina chache za furu zilirudi kwenye mstari uleule wa vituo vya Mwanza. Zilirudi zimebadilika. Walio wakila vidudu vidogo vya majini tu sasa walikula hata wadudu wakubwa na uduvi, na matamvua yao yalikuwa makubwa kuliko ya babu zao, kwa sababu hewa majini ilikuwa imepungua. Mabadiliko ya mwili katika miaka ishirini hivi! Samaki waliohifadhiwa kwenye chupa tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 ndio waliowezesha mtu kulinganisha.

Kupima kunafanyikaje leo

Sasa kazi hiyo imegawanywa. Kwa Tanzania mwenye dhamana kuu ya utafiti ni Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, na nchi zetu tatu hukutana kwenye Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria lenye makao Jinja, lililoundwa kwa mkataba wa mwaka 1994. Tangu 1999 meli ya utafiti imekuwa ikizunguka ziwa ikituma mlio chini ya maji na kusikiliza mwangwi wake. Samaki mkubwa hurudisha mwangwi tofauti na kundi la dagaa, na kwa hesabu hiyo hukadiriwa uzito wa samaki wote.

Tangu mwaka 2000 kuna pia sensa ya uvuvi ambayo kwa kawaida hufanyika kila baada ya miaka miwili. Wahesabuji hupita kila mwalo kuhesabu wavuvi, mitumbwi, nyavu na ndoano. Sensa ya kwanza ilikuta wavuvi 129,000 hivi. Miaka kumi na sita baadaye walikuwa wamezidi laki mbili.

Wavuvi wenyewe hawaipendi hesabu hiyo sana, na si vigumu kuelewa. Anayehesabiwa nyavu leo anaogopa kwamba kesho zitachomwa. Mwaka 2018 Tanzania iliendesha operesheni kubwa dhidi ya uvuvi haramu ziwani. Nyavu zilichomwa, watu walitozwa faini nzito, na kipimo cha sangara wa kuvuliwa, sentimita 50 hadi 85, kikasimamiwa kwa nguvu. Wapo waliosema samaki waliongezeka kwa sababu hiyo. Wapo waliosema wangeongezeka tu. Maoni yangu ni kwamba mtu anapohesabiwa ili aadhibiwe, namba atakayotoa itakuwa ya kujificha, na daftari lililojaa namba za kujificha halimsaidii mtu yeyote, hata huyo anayeadhibu.

Moshi na vumbi

Msikilizaji anaweza kusema: yote hayo ni ya watu wa kanda ya ziwa, maji ya Kakesio hayaendi Mwanza. Kwa mto, ni kweli kwa sehemu kubwa. Maji ya upande huu huteremkia Eyasi. Mito ya uwanda wa Serengeti inayokwenda Victoria ni Mara, Grumeti, Mbalageti, Duma na Simiyu, na huo wa mwisho unatajwa miongoni mwa mito ya Tanzania inayopeleka udongo mwingi zaidi ziwani.

Lakini upepo hauna bonde lake. Chakula kikuu cha mwani ni fosforasi, madini yale yale yaliyomo kwenye mbolea na mavi ya ng'ombe. Watafiti walipoweka vyombo vya kukusanya mvua na vumbi Mwanza na Bukoba, walikuta kwamba zaidi ya nusu ya fosforasi inayoingia ziwani huanguka kutoka angani: vumbi la ardhi iliyo wazi, majivu ya nyika na mashamba yaliyochomwa, kisha mvua inayayateremsha. Hakuna anayeweza kunyooshea kidole boma moja na kusema vumbi hili ni lako. Mashamba ya pamba, barabara za udongo, miji na mbuga zimo zote. Ila inatosha kutuonyesha kwamba upepo unaovuma kuelekea magharibi, nao tunaujua, haufiki kule mikono mitupu.

Namba za kwetu

Turudi Ngorongoro, maana huku pia maamuzi hufanywa kwa namba.

Hifadhi ilipoanzishwa mwaka 1959, watu waliokuwamo walikadiriwa kuwa 8,000. Serikali imekuwa ikitaja kwamba sasa wamezidi laki moja, na tofauti hiyo ndiyo iliyotajwa zaidi wakati mpango wa kuhamia Msomera, wilayani Handeni, ulipoanza mwaka 2022. Serikali inasema kuhama ni hiari. Wakazi wengi na mashirika ya haki za binadamu wanasema huduma zilizopunguzwa ndizo zinazowasukuma. Ubishi huo hatutaumaliza hapa.

Tuangalie namba zenyewe kwa macho ya ziwa. 8,000 na 100,000 ni picha mbili, ya mwanzo na ya mwisho. Hazisemi ng'ombe waliongezeka pamoja na watu au walibaki palepale wakifa kila ukame, na kama walibaki palepale basi kila familia ni maskini kuliko zamani. Hazisemi nyasi zilipungua lini: baada ya watu kuongezeka, baada ya mvua kubadilika, au baada ya sehemu za malisho kufungwa. Ili kujua hayo unahitaji miaka ya katikati, iliyoandikwa mahali pamoja kwa njia moja.

Na mahali hapo pamoja papo. Ni Kreta. Wanyama wake wamehesabiwa tangu miaka ya 1960, na simba wake wanajulikana mmoja mmoja kwa vizazi. Ni kwa sababu hiyo tunajua kwamba mwaka 1962, baada ya zile zile mvua zilizolijaza Ziwa Victoria, nzi wanaouma waliongezeka ghafla wakawadhoofisha simba mpaka kutoka zaidi ya 60 wakabaki karibu 10.

Hesabu za Kreta zilionyesha kitu kingine kinachotuhusu zaidi. Mwaka 1974 familia za Kimaasai zilizokuwa zikiishi ndani ziliondolewa, na desturi ya kuchoma majani ikasimamishwa. Kilichotarajiwa ni wanyamapori kunawiri. Miaka iliyofuata nyumbu walipungua, na nyati, waliokuwa wachache, wakafika maelfu. Watafiti waliopitia hesabu hizo walitaja sababu kadhaa, na mojawapo ni hii: nyasi zisizoliwa na ng'ombe wala kuchomwa hurefuka na kukakamaa, na nyumbu hupenda nyasi fupi, ilhali nyati huzimudu ndefu. Nyasi ndefu pia hufuga kupe. Baada ya ukame na vifo vingi vya nyati vya mwaka 2000 na 2001, Hifadhi yenyewe ilirudisha uchomaji wa kupangwa kupunguza kupe.

Simulizi kama hiyo ingetoka kwa mzee wa boma peke yake, ingeitwa hadithi za wazee. Ilipotoka kwenye hesabu ya miaka thelathini, ikaandikwa kwenye majarida ya sayansi. Mzee na hesabu walikuwa wanasema kitu kimoja.

Hatusemi kwamba hesabu daima itamtetea mfugaji. Huenda daftari la malisho ya Kakesio, kama lingekuwapo tangu 1970, lingeonyesha kwamba kuna bonde tulilochunga kupita kiasi wenyewe. Jinja ilimgeuka Mganda aliyekuwa mwenye rula. Lakini lingeonyesha ni bonde lipi na mwaka gani, na si nchi nzima kwa jumla.

Nani ashike daftari

Kipimo cha mvua cha kawaida si kitu cha kuagiza nje. Kopo lenye kuta zilizonyooka wima, lisilo na mdomo mwembamba, likisimamishwa mahali pa wazi mbali na miti na paa, linatosha kuanzia. Maji yaliyoingia yakipimwa kwa rula, milimita kumi ndani ya kopo ni milimita kumi za mvua, liwe kopo pana au jembamba. Vituo vya hali ya hewa husoma saa tatu asubuhi kila siku, na ukisoma saa hiyo hiyo namba zako zitalingana na zao.

Kinachoharibu kumbukumbu nyingi ni mambo madogo. Kopo huhamishwa kivuli kikipendeza. Mwandishi husafiri mnadani, akirudi anakisia. Siku zisizo na mvua haziandikwi kabisa, na baada ya mwaka mtu hajui kama palikuwa pakavu au hapakusomwa. Andika sifuri. Sifuri ndiyo itakayothibitisha ukame. Shule ni mahali pazuri kwa sababu kuna mtu karibu kila siku ya muhula, tatizo ni likizo, na likizo ya Desemba huangukia mvua.

Pamoja na mvua, tarehe kisima au bwawa lilipokauka, tarehe nyumbu walipofika na kuondoka, na ndama waliozaliwa na waliokufa, vyote huandikika na mtu asiye mtaalamu. Kwenye mialo ya Ziwa Victoria vikundi vya wavuvi vya ulinzi shirikishi, vile viitwavyo BMU, hushiriki kuandika samaki wanaotua, na wengi wa waandishi hao ni wavuvi.

Kuna suala la sheria pia. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 ilifanyiwa marekebisho 2018 yaliyofanya kutangaza namba zinazopinga takwimu rasmi kuwa kosa. Mwaka 2019 ilirekebishwa tena na adhabu hiyo ikaondolewa. Kijiji kinachoandika mvua zake na visima vyake hakivunji sheria.

Na zilizokwisha andikwa na ofisi za umma zinaweza kuombwa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa kila raia wa Tanzania haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa mamlaka ya umma. Ombi linaandikwa kwa mkuu wa taasisi husika, likieleza taarifa gani inatakiwa na ya miaka gani, na taasisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Ukinyimwa, unapaswa kuelezwa sababu. Anayeomba mvua za Ngorongoro au hesabu za wanyama wa Kreta ataje mwaka wa kuanzia na mwaka wa mwisho, na aombe kila mwaka uliopo katikati.